Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Afya, Sayansi na Ulinzi: Mradi Huu Usife Siku ya Mahafali

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Masuala ya Wanajeshi Wastaafu,
Kampala.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Katika chuo kikuu kimoja hapa nchini kuna kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliotengeneza programu ya uhalisia pepe, yaani unavaa miwani na kuona vitu vilivyochorwa na kompyuta kana kwamba viko mbele yako, ya kutuliza maumivu ya watu waliokatwa mikono au miguu. Naijua kazi yao kwa sababu mimi ni mmoja wa walioijaribu. Mwezi Mei watafanya mitihani, watakabidhi ripoti, watapewa alama, na nionavyo mimi watapewa alama nzuri. Baada ya hapo mradi utakufa, na sababu ya kufa kwake ni kwamba hauna mwenyewe. Nawaandikia ninyi watatu kuwaomba muupatie mwenyewe, na kueleza nani anafaa.

Mtaniwia radhi kwa kuandika Kiswahili. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 ilikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na mimi jeshi lilinikabidhi lugha hii siku moja na bunduki. Kiingereza changu kinatosha kusoma maandishi ya chupa ya dawa, hakitoshi kumwandikia waziri.

Mguu wangu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka 1998, baada ya bomu lililotegwa ardhini huko kaskazini. Hilo halina mjadala: nilikuwa askari, kulikuwa na vita, na wengine niliotoka nao asubuhi ile hawakurudi kabisa. Kidonda kilipona. Kigutu kikakauka vizuri, nikapewa magongo, baadaye mguu wa bandia. Kilichokataa kupona ni mguu ambao haupo. Usiku vidole vyangu vya kulia vinajikunja ndani ya buti, buti limeingia maji na limebana, na mimi nataka kulivua. Nainuka kitandani nipeleke mkono, mkono unagusa shuka. Maumivu hayo yanaweza kukaa mpaka alfajiri. Hayana cha kushika wala cha kukanda.

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliuliza mguu ule ulizikwa wapi. Aliamini umelazwa vibaya kaburini na akataka ukafukuliwe, uwekwe sawa. Wenzangu kambini walisema ni roho za waliokufa. Daktari mmoja, ambaye simtaji wala sitaji hospitali yake, alisema ni mawazo, akaniandikia vidonge vya usingizi. Katika hao watatu, mama alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu yeye peke yake alikubali kwamba mguu unauma.

Waheshimiwa, ugonjwa huu ni wa zamani na unajulikana. Ambroise Paré, mpasuaji wa jeshi la Ufaransa, aliuandika katika karne ya 16: askari aliyekatwa mguu siku nyingi bado analalamikia mguu uleule. Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani aliyewatibu majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, aliupa jina la Kiingereza “phantom limb”, yaani kiungo cha mzuka, katika makala ya mwaka 1871. Wote wawili walijifunza kwa askari. Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaokatwa kiungo hupata maumivu haya kwa kiwango fulani. Hata hivyo mtu anakatwa mguu leo, anatoka wodini na karatasi ya tarehe ya kutoa nyuzi, na hakuna aliyemwambia neno kuhusu jambo hili. Likimpata usiku wa manane nyumbani kwake, anadhani amerukwa na akili.

Nikieleze chanzo chake kwa namna ninayoielewa mimi. Ubongo una eneo linalosimamia mguu, na mguu ukiondoka eneo hilo haliondoki. Linaendelea kutoa amri. Kwetu wa jeshini, ni mtu wa redio anayeita kituo kilichokwisha kuanguka: anaita, hajibiwi, anaita tena kwa sauti ya juu zaidi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kinachotokea ndani ya ubongo hasa, na wengine wanatazama zaidi ncha za neva zilizokatwa, ambazo huota vinundu ndani ya kigutu. Sitajifanya daktari. Lakini wanaotafiti ubongo walipata njia moja nyepesi: kama tatizo ni amri isiyojibiwa, basi mpe mtu jibu kwa macho yake.

Njia hiyo ilianza na kioo cha kawaida. V. S. Ramachandran, mtafiti mzaliwa wa India anayefanya kazi California, aliionyesha miaka ya 1990. Unaweka kioo katikati ya miguu, upande wenye kioo unaelekea mguu mzima, unautazama, na machoni unaona miguu miwili. Ukikunja vidole vya mguu uliopo, unaona na ule mwingine unakunja. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Marekani, walichapisha majaribio yao kwa wagonjwa 22 waliogawanywa makundi matatu, dakika 15 kila siku kwa wiki nne. Katika kundi la kioo, wote sita waliomaliza walipungukiwa na maumivu. Katika kundi ambalo kioo kilifunikwa shuka, aliyepata nafuu alikuwa mmoja.

Kwa hiyo kabla sijafika kwenye miwani ya wanafunzi, naomba hili liandikwe na katibu wenu hapohapo: kioo. Fundi seremala yeyote wa Katwe anaweza kukitilia fremu. Kila wodi ya mifupa katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa ingekuwa nacho kufikia mwisho wa mwaka huu, na kisingehitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Lakini kioo kina mwisho wake. Kinataka uwe na mguu mmoja mzima. Aliyepoteza yote miwili hana cha kuonyesha kwenye kioo. Nina rafiki wa namna hiyo, tulikuwa kombania moja. Nilipomweleza habari ya kioo alicheka mpaka akakohoa. Halafu kioo kinachosha. Unakaa unatazama kidole kinakwenda juu, kinashuka, na baada ya siku chache unaanza kufikiria mambo mengine, na ubongo wenye mawazo mengine haudanganyiki. Hapo ndipo vijana hawa walipoingia.

Hedseti yao, yaani ile miwani, ni ya mtumba. Ukanda wake ulikatika, wakaufunga kwa mpira wa kiunoni ule wa kushonea sketi. Wanakukalisha kwenye kiti, wanabandika vinasio vya umeme wa misuli kwenye kigutu, juu ya nyama iliyobaki ya shavu la mguu. Wanakuambia: jaribu kusogeza mguu usiokuwepo. Mtu mzima anaona haya kuambiwa hivyo. Lakini ukijaribu kwa dhati, nyama ile inashtuka kidogo, vinasio vinaupata mshtuko, kompyuta inautambua kuwa ni amri ya kuinua wayo au kukunja vidole, na ndani ya miwani mguu unafanya hivyo mbele ya macho yako. Wewe umeamuru na mguu umetii. Aliyepoteza miguu yote miwili anaweza kufanya hivyo, kwa sababu hakuna mguu mzima unaohitajika, kinachohitajika ni msuli uliobaki.

Wazo hili hawakulitoa hewani. Max Ortiz-Catalan na wenzake kule Gothenburg, Sweden, walilichapisha mwaka 2016: watu 14 waliokatwa mikono, ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, walipitia vipindi 12 vya kuamuru mkono wa kwenye skrini, na maumivu yao yakashuka kwa karibu nusu. Ni utafiti mdogo, na vijana wenyewe waliniambia ni mdogo kabla sijauliza. Hilo lilinipendeza. Nimewahi kuuziwa dawa na watu wasiosema hivyo.

Mguu wa kwanza walionionyesha ulikuwa wa Mzungu. Ulikuwa mweupe, laini, hauna kovu wala mshipa. Waliupakua bure mahali kwenye intaneti. Niliusogeza, ukasogea, na sikusikia lolote. Nikawaambia, “Wanangu, huu si wangu, mrudishieni mwenyewe.” Wakacheka, halafu wakakaa kimya, kisha binti mmoja akatoa daftari na kuanza kuniuliza maswali. Mguu wako ulikuwaje? Mara ya mwisho kuuona ulikuwa umevaa nini? Nikamwambia: gambuti, nyeusi, iliyojaa matope. Nilipoitwa tena, ndani ya miwani ulikuwepo mguu mweusi wenye gambuti yenye matope mpaka kwenye kifundo. Kazi niliyopewa ilikuwa kuivua. Ukikunja na kukunjua vidole inateremka kidogo, ukivuta wayo inateremka tena. Jasho lilinitoka mpaka vioo vikapata ukungu, wakasimamisha wakavipangusa, tukaendelea. Gambuti ilipotoka, vidole vyangu vikaachia. Nilivisikia vikiachia, kimoja kimoja, na usiku ule nililala.

Tena nilitaka kuinuka. Nilisahau kabisa kwamba nimekaa kwa sababu maalumu, nikaweka uzito upande wa kulia, na kama kijana aliyekuwa nyuma yangu asingenishika mabega ningeanguka na mitambo yao yote. Tangu siku ile wana sharti: kiti kisicho na magurudumu, chenye mikono, na mtu mmoja kazi yake ni kumtazama mgonjwa tu, asiguse laptopu. Wengine tuliojaribu nao walipata kizunguzungu na kichefuchefu, wakavuliwa miwani mara moja. Mambo haya hayajifunzwi kwenye kitabu. Yamo vichwani mwa wanafunzi wanne ambao baada ya miezi michache mmoja atakuwa anauza bima, mwingine yuko Dubai.

Chuo kilipofunga kwa likizo, maumivu yalirudi. Hayakurudi yote, lakini gambuti ilirudi. Nilipiga simu, binti akaniambia, “Afande, samahani, hedseti imefungiwa maabara na mwenye ufunguo amekwenda kijijini.” Sikumlaumu. Kalenda yake ni ya muhula, kalenda yangu ni ya usiku. Hapo ndipo nilipoona tatizo liko wapi, na ndicho kiini cha barua hii: tiba haiwezi kuwa mali ya mwanafunzi. Mwanafunzi anapita.

Mtasema kuna utaratibu. Upo, na nauheshimu. Utafiti wowote unaogusa watu unatakiwa upite kwenye kamati ya maadili na usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Sitaki uondolewe, sisi askari tunajua thamani ya kuulizwa kabla ya kufanyiwa jambo. Lakini mradi wa mwaka wa mwisho una mihula miwili, na hesabu haitoki: muda mwingi unaliwa na kuandika maombi, kulipia maombi, kusubiri, kurekebisha, kusubiri tena. Kibali kikitoka, kijana anafunga virago. Mwaka unaofuata kikundi kingine kinaanza upya, na wazo lingine, na fomu zilezile.

Pendekezo langu ni kwamba utafiti uwe wa hospitali. Hospitali ya rufaa yenye karakana ya miguu ya bandia ichukue kibali kimoja cha miaka mingi cha kupima tiba ya kioo na ya uhalisia pepe kwa waliokatwa viungo. Wagonjwa ni wa hospitali, kumbukumbu ni za hospitali, hedseti imo kwenye kabati la hospitali na ufunguo anao muuguzi wa zamu. Wanafunzi wanaingia kila mwaka, wanaikuta kazi pale wenzao walipoiachia, wanatengeneza kitu kimoja zaidi, wanapewa alama zao, wanatoka. Programu ibaki. Makubaliano ya kuiacha yatiwe saini siku ya kwanza, si siku ya mahafali. Karakana zipo: Mulago, Gulu, Fort Portal, Mbale. Jeshi lina kituo chake cha kuwahudumia majeruhi huko Mubende, na Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, sioni kwa nini pasiwe pa kwanza. Wenye maumivu haya wako pale, muda wanao, na nidhamu ya kufanya zoezi kila siku wanayo kuliko raia. Samahanini raia.

Kwamba kazi ya wanafunzi inaweza kukua ikipata mwenyewe, hilo serikali inajua kuliko mimi. Gari la umeme la Kiira EV lilianza Makerere, mikononi mwa wanafunzi na walimu wao, likaendeshwa mbele ya watu mwaka 2011. Lilikuwa na viti viwili. Serikali ikaamua kwamba hilo si la kupewa makofi tu, ikaunda kampuni, na leo kuna kiwanda Jinja na mabasi ya Kayoola. Mnaweza kubishana kuhusu gharama na kasi, mimi pia ningebishana, lakini hakuna anayesema mradi ule ulikufa siku ya mahafali. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 Brian Gitta alishinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, paundi 25,000, kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Tulishangilia wote. Naomba tusizoee kwamba wa kwanza kuona thamani ya vijana wetu ni lazima awe London.

Na kuhusu maumivu yenyewe, Uganda haina sababu ya kujifunza kwa wengine. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dakta Anne Merriman, na kutoka hapo nchi hii ikajenga jambo ambalo mataifa tajiri yalikuja kulitazama: mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, inayotengenezwa hapahapa kwa bei ndogo na kutolewa bure kwa wagonjwa. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa ili wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo waweze kuiandika wao wenyewe, kwa sababu madaktari hawatoshi na mgonjwa wa saratani kijijini hawezi kungoja. Wapo walioogopa kwamba watu watalewa nayo. Wizara ya Afya haikuwasikiliza. Ilisikiliza wagonjwa. Wizara iliyofanya hivyo haiwezi kuniambia mimi kwamba maumivu ya mguu usiokuwepo ni anasa.

Najua swali litakaloulizwa, na ni la haki: watu hawana hata miguu ya bandia, huyu mzee anaongelea miwani? Jirani yangu ni kijana wa boda boda. Lori lilimkanyaga barabara ya Gulu, mguu ukakatwa juu ya goti. Ndugu zake walichanga, akapata mguu wa bandia mzuri tu. Umetundikwa ukutani kwenye msumari, umefunikwa mfuko wa plastiki usiingie vumbi. Kila akiuvaa, mguu wa ndani unawaka moto, kwa hiyo anatembea na magongo. Mguu ule ni fedha iliyokwisha kutumika na haifanyi kazi. Vijana wa namna yake wataongezeka. Sisi wa mabomu tunapungua. Nchi ilitangaza mwezi Desemba 2012 kwamba imemaliza kuyaondoa. Wao wanaletwa na barabara, na ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliokufa ajalini. Hao ni waliokufa. Waliobaki na kigutu wanapelekwa nyumbani. Wengine wanakatwa kwa sababu ya kisukari, na wengine kwa sababu walianzia kwa waunga mifupa wa kienyeji wakafika hospitali mguu umeoza. Wote hao hawana mkuu wa kambi wa kuwasemea.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa sababu kinachohitajika ni kidogo. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari inasamehe ushuru vifaa vya watu wenye ulemavu. Hedseti ikifika, hata hivyo, inaonekana ni ya kuchezea michezo ya kompyuta, na inatozwa hivyo, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake. Barua moja ya Wizara ya Afya, yenye muhuri, inayosema kwamba hedseti inayoingizwa na hospitali yenye kibali ni kifaa cha tiba, ingemaliza jambo hilo. Zaidi ya hapo ni mshahara wa fundi mmoja wa vifaa tiba katika kila karakana, na ningependa wa kwanza atoke miongoni mwa wanafunzi hawa hawa kabla ya Dubai kumchukua. Programu yenyewe inafanya kazi bila intaneti. Waliitengeneza hivyo makusudi, kwa kuwa wanajua bei ya bando.

Nawasihi pia msifanye uzinduzi. Nimeona mahema, fulana, bendi ya shaba na hotuba, na baada ya wiki mbili vifaa viko stoo, kwenye maboksi yake. Msitangaze zabuni ya hedseti mia. Anzeni na tatu, mahali pamoja, na mtu anayezijua. Mkizinunua, nunueni na mito ya ziada ya usoni ile inayopanguswa, kwa sababu ya sponji inakunywa jasho la mgonjwa mmoja na kumpelekea mwingine. Haya ni maneno ya muuguzi tuliyekuwa naye, na naona yana uzito kuliko mengi yaliyomo kwenye barua hii.

Tena sauti. Programu inampa mgonjwa maelekezo kwa sauti, na mwanzoni ilikuwa Kiingereza kitupu, cha mashine. Sasa inasema Kiganda, na inasema Kiswahili. Kiswahili ni changu. Walinikalisha kwenye chumba chenye magodoro ukutani nikasoma: “Vuta pumzi. Kunja vidole. Sasa viachie, polepole.” Yule rafiki yangu wa kombania alipoisikia alisema, “Kumbe hata ndani ya miwani unatoa amri.” Inahitajika Kiacholi, Kilugbara, Kiteso, Kinyankole. Kila lugha ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye sauti nzuri na kikombe cha chai, na wodi zimejaa watu wenye sauti nzuri.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inazungumzia haki yetu ya huduma za afya na utengamao, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2008. Nimevitaja ili msiseme sikuvijua. Sidai kesi.

Nadai mkutano mmoja kabla ya bajeti kusomwa mwezi Juni, maana mwaka wa fedha ukishaanza tarehe 1 Julai kila mtu atasema fungu halipo mpaka mwakani, na mwakani vijana hawatakuwepo. Mwaliko ni huu: atumwe mtu mmoja kutoka kila wizara, ikiwezekana awe mtaalamu wa tiba ya viungo na si mtu wa itifaki, aje maabara akae kwenye kile kiti chenye mikono. Aliye na viungo vyake vyote haitamfaa kitu. Kwa hiyo aje na mgonjwa wake. Rafiki yangu wa kombania ameshasema atakuwepo, na amewaambia wanafunzi anataka viatu vya ngozi, vyeusi, vilivyopigwa rangi, pea nzima.

Wenu mtiifu,

Askari mstaafu,
Bombo, Wilaya ya Luwero.